Aliyeita Dirishani

Hraunkot, 12 Januari 1984

Mwanangu Steinar,

Salamu. Mimi mzima na kondoo wazima, wewe sijui. Umeandika kwamba nimemuua Brandur wako. Pima maneno yako. Siku ile ya dhoruba giza lilikuwa limeshaingia, mlango ukagongwa mara moja. Unajua tulivyokulea: baada ya giza mgeni hagongi mlango. Huja dirishani akaita, "Mungu awe humu," kwa kuwa mzuka hauwezi kulitaja jina hilo. Kinachogonga mlango hakifunguliwi. Mtu wa mjini hakujua. Kosa si langu.

Baba yako

Reykjavík, 20 Januari

Baba,

Sikuulizi hali, nguvu za kufunga komeo unazo.

Brandur alikuja kukuomba utupokee sote wawili Krismasi. Nilimwambia, "Mzee yule hakufungulii." Akacheka: "Akinizoea atanipa hata jicho la kondoo, tonge lake tamu kuliko yote!" Desturi ya kuita dirishani nilimfundisha mimi mwenyewe. Tuliifanyia mazoezi jikoni kwetu, yeye nje, mimi ndani.

Jirani yako ameniambia alikomkuta. Si mlangoni. Alikuwa ameketi chini ya dirisha lako la jikoni, mgongo ukutani, ameganda.

Alisema nini, Baba?

Mwanao

Hraunkot, 3 Machi

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi chakula hakipiti.

Mlango haukugongwa. Aliita, "Mungu awe humu." Kisha, "Mzee Hallgrímur, ni Brandur, mtu wa Steinar." Mtu wa Steinar! Anapaza sauti bila haya! Nikaongeza sauti ya redio, nikamaliza samaki wangu.

Sasa kila jua likitua anaita. Jana nilifungua dirisha. Hapakuwa na mtu. Nilipolifunga, kioo kilikuwa na mvuke wa pumzi, upande wa nje. Jina la Mungu halitaji tena. Anataja lako, kwa sauti yangu.

Njoo. Ukiwapo ataondoka.

Baba yako

Reykjavík, 10 Machi

Mzee Hallgrímur,

Mimi sijambo.

Siji kumfukuza kwa ajili yako. Miaka sita hukuniita; leo unaniita kwa kuwa unaogopa.

Mfungulie mlango. Muulize kama amekula. Mpe kiti changu. Akikubali kuketi, niandikie, nami nitakuja kuketi kando yake. Akikataa, toka wewe. Keti chini ya dirisha, mgongo ukutani, redio ikiimba ndani, mpaka ujue ukuta ule una baridi kiasi gani.

Steinar, mtu wa Brandur