Mwanamke wa Kona ya Chini

Baba,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikasubiri, kwa mazoea tu, kama nilivyokuwa nikisimama mlangoni mpaka umalize mstari uliokuwa unauchonga ndipo uitikie. Leo itabidi niendelee bila kuitikiwa. Naandikia kwenye banda lako, juu ya meza yako, na tangu nianze nimeshainuka mara tatu: mara kuangalia mbuzi, mara kuangalia mvua, na mara ya tatu nilifika mlangoni nikasahau nilichokifuata. Siwezi kutulia. Nina jambo la kukueleza, na nimeshawaeleza watu wengine kabla yako, na hilo nalo si haki.

Habari za nyumbani kwanza, maana ungeuliza. Kahawa ya upande wa mfereji imechanua vizuri. Shangazi Elinami amerudi kwake, na kabla ya kuondoka alinifundisha upya kupika vitu ambavyo nimevipika tangu nikiwa na miaka kumi na sita. Paa la banda lilikuwa linavuja palepale uliposema utapaziba kesho. Nimepaziba mwenyewe kwa bati la debe. Kazi mbaya, lakini maji hayapiti.

Sasa lenyewe. Kibao chako cha mwisho cha kuchapia, chenye ile picha ya watu wa Akheri wanaosafisha mfereji, kiliharibika. Hakikuharibiwa na panya wala mchwa. Nilikiharibu mimi, kwa maneno mawili.

Ilikuwa siku ya nne baada ya kukuzika, siku wanawake walipokuja kusafisha nyumba ili msiba uondoke. Unawajua wakishaanza. Walitoa magodoro, walitoa viti, walipiga deki mpaka jikoni, wakaingia na humu bandani ambamo hakuna mwanamke aliyewahi kukanyaga isipokuwa mimi na matambara yangu. Shangazi akatoka amekumbatia vibao vyako kama kuni, akaniuliza, "Anasia, na hivi vyenye masizi tuvifanyeje?"

Nilijua jibu, Baba. Nani angelijua kunizidi? Miaka kumi na minne, tangu Mama alipofariki, kazi yangu ilikuwa kufuta. Wewe ulichonga, ulipaka wino kwa ile rola uliyopewa ulipoacha kazi kwenye mashine ya chapa ya misheni, ulisugua karatasi kwa mgongo wa kijiko, uliibandua na kuitazama mlangoni penye mwanga. Kisha ulivaa koti ukaenda kuwaonyesha wenzako. Mimi nilibaki na kitambaa na mafuta ya taa, nikifuta wino kwenye kila mfereji mdogo wa patasi mpaka vidole vinuke mafuta ya taa hadi Jumapili kanisani. Mafuta ya taa, kitambaa kikavu, kivulini. Maji hayaingii bandani. Ulilisema hilo hata mara ambazo sikuwa na maji mkononi.

Lakini nilikuwa nimebeba maji tangu alfajiri, na nilikuwa na hasira nawe. Watu hawasemi hivyo juu ya marehemu, mimi nasema. Siku zako za mwisho nilikugeuza, nilikuosha, nilikulisha uji kwa kijiko, na asubuhi ile ulipofumbua macho vizuri kwa mara ya mwisho uliniuliza, "Kile kibao kimekauka?" Basi. Ndilo neno lako la mwisho kwangu. Kwa hiyo Shangazi aliponiuliza nikamjibu, "Osheni vyote." Akashangaa kidogo, akauliza kama ni kwa maji. Nikamwambia, kwani Shangazi mnaoshea nini kingine?

Wakavitia kwenye karai la maji ya moto, sabuni na majivu, wakasugua kwa brashi ya sakafu, wakavianika juani. Walifanya kwa upendo, sina la kuwalaumu. Vile vya mti mmoja vilipinda tu. Lakini kile cha mwisho wewe mwenyewe ulikiunga. Bwana Shamba alipoamuru mibuni ya zamani ing'olewe, wenzako walichoma magogo, wewe ukayapasua vipande, maana ulisema mbuni mzee hushika mstari mwembamba kama uzi. Na kwa kuwa hakuna mbuni wenye upana wa meza, uliunganisha vipande tisa kwa gundi ya ngozi aliyokuchemshia rafiki yako Loishiye, fundi viatu wa Ngaramtoni. Gundi ya ngozi na maji ya moto havikai nyumba moja. Jioni nilipokwenda kuanua nilikuta vipande vinane vimetawanyika kwenye majani. Cha tisa, cha kona ya chini kulia, kilikuwa kimeshaingia motoni, chini ya chungu cha loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando iliyopikiwa wageni. Niliila ile loshoro, Baba. Nilikuwa na njaa.

Wiki ya pili ikaja barua ya Mwalimu Lazaro, kwa mwandiko wake wa ubaoni. Alisema yeye, Loishiye na Aikaeli, yule Mchaga mwandika mabango wa mjini, wenzako wote wa kuchonga, wamekubaliana kwamba siku ya soko itakayofuata niende Ngaramtoni kwa niaba yako, na picha yako ya mwisho, nakala nne kama desturi yenu: kila mmoja anakuja na nne za kwake, anarudi na moja ya kila mtu, na hakuna anayeuza. Walitaka kukuaga hivyo. Alifunga na karatasi nzuri sita, akasema mbili ni za kuharibu.

Ningeweza kuandika kwamba kibao kimevunjika. Mstari mmoja. Nilichukua kalamu nikaiweka, nikaichukua tena, nikaenda kulima. Nilimwogopa nani? Labda nilikuogopa wewe.

Nikaamua kukiunga. Nilipasha ile gundi iliyobaki kwenye kopo, nikapanga vipande vinane na kuvibana kwa kamba na mawe. Vilikuwa vimevimba, havikukaa sawasawa tena, kati ya kimoja na kingine ukabaki ufa mwembamba. Kisha nikatafuta kipande cha mbuni nyuma ya banda, nikashika patasi zako, zile ulizotengeneza kwa mbavu za mwavuli. Kufuta vibao kwa miaka yote hiyo kumbe ni shule. Vidole vyangu vilijua mfereji wa kila patasi, upana wake na kina chake. Nilijikata dole gumba siku ya kwanza, na siku ya tatu nilikuwa nachonga.

Tatizo ni kwamba sikujua kona ile ilikuwa na nini. Ulikuwa umepiga chapa ya majaribio moja tu, kwenye karatasi ya dukani, na pale chini wino ulikuwa umevujia ukawa doa. Nilikumbuka kuna mwanamke. Nadhani alikuwa ameinama kama wengine wote, maana wanawake wako huinama, Baba, wote, kwenye kila picha, na nyuso zao haziko. Nilianza kumwinamisha. Mkono ukakataa. Nikamchonga amesimama, jembe limeegemea paja, mkono kiunoni, anamtazama mtu anayemtazama, kama anayetaka kuuliza kazi hii itaisha lini na wewe umesimama hapo unafanya nini. Nilimpa uso wenye uchovu na hasira kidogo. Sikupanga awe mimi. Nilijua tu uchovu ule unakaa wapi usoni.

Nilimuunga na vile vipande vinane, nikapiga nakala nne kwa mgongo wa kijiko chako, nikapanda lori hadi mjini, kisha jingine hadi Ngaramtoni, picha zimefungwa kwenye khanga. Kibandani kwa Loishiye, chini ya ile kalenda yenye picha ya Malkia wa Uingereza, waliniamkua wote watatu kwa pole ndefu, wakazitandaza juu ya meza ya kukatia ngozi. Wakaziinamia. Mimi nilitazama mlango.

Aikaeli ndiye aliyeanza. Unamjua asivyoweza kukaa na neno mdomoni. Akaweka kidole kwenye kona ile akasema, "Jamani, tazameni hapa. Aminieli hajawahi kuchonga mtu namna hii." Mwalimu Lazaro akavaa miwani. Akasema picha nzima ni ya fundi lakini kona ile ni ya mtu aliyefungua macho. Wakaizunguka, wakageuza karatasi huku na huku, na Baba, nisikufiche, nilifurahi. Furaha ilinipanda tumboni kama mtu aliyekunywa togwa ya moto. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ufe, na kwa dakika ile sikutamani hata kidogo uwepo.

Kisha Aikaeli akaniangalia, akaitazama picha, akaniangalia tena. Akasema polepole, kwa huruma, "Huyu ni wewe, Anasia. Baba yako alikuwa anakuona."

Hapo ndipo usingizi wangu ulipokatika, na haujarudi sawasawa hadi leo. Maana niliitikia kwa kichwa. Mwalimu akachukua penseli akaandika chini ya kila nakala jina lako na maneno "kazi yake ya mwisho". Loishiye akasogea karibu. Alipitisha ukucha juu ya zile nyufa nyeupe, akasema, "Gundi yangu," akaikunja nakala yake. Siri ya mtungi muulize kata. Nilitoka pale mbio, sikuchukua hata chai.

Mwezi mzima, Baba, sikukaa kwenye kiti nikamaliza chakula. Nilifagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiwa. Kanisani watu walinijia, kumbe Aikaeli ameshasimulia mpaka huku, wakinishika mikono: alikuona wewe mwanawe kabla hajafa, heri yako. Nikasema asante. Kuna siku nilisema asante nikaiamini. Niliketi humu na nakala yako mbele yangu nikajaribu kukuona wewe ukinichonga, usiku mmoja wa homa yako, na karibu nikuone kweli. Hicho ndicho kilichonitisha. Kosa la kibao ningeweza kuishi nalo. Lakini nilikuwa nakaribia kukusahau ulivyokuwa na kubaki na baba niliyejitengenezea kwa mti wa kahawa.

Siku ya soko iliyopita nikarudi Ngaramtoni. Sikuketi. Niliwaambia yote nikiwa nimesimama: karai, maji ya moto, kona iliyoungua, patasi, na kwamba yule mwanamke ni wangu, na kwamba baba yangu hakuwahi kumchonga binti yake hata mara moja kwa muda wote niliomfutia vibao.

Mwalimu Lazaro alikasirika. Alisema jina la marehemu si la kuchezea, na ni kweli. Akatoa nakala yake, akafuta alichoandika kwa kifutio mpaka karatasi ikafanya manyoya, akanirudishia. Ninayo hapa. Aikaeli alifunika uso kwa mikono, nikadhani analia, lakini sasa nadhani aliona aibu kwa yale aliyoyasema. Loishiye alikuwa anashona kandambili, hakuacha kushona. Akasema, "Gundi nilijua tangu siku ile. Ya mwanamke sikuijua." Kisha akaniuliza kama najua kuchonga kitu kingine. Nikamwambia sijui. Akasema siku ya soko ijayo nilete waone.

Nilipofika nyumbani nililala mchana mzima kama mgonjwa. Nilipoamka nilikuwa nakulilia wewe, si yule mwingine. Wewe mwenyewe, Baba, uliyenipenda labda, sina hakika, na uliyekuwa na mikono mizuri kuliko ya mtu yeyote niliyemwona, na ambaye uliingia humu kila siku ukanipa mgongo. Nimekusamehe ile asubuhi ya mwisho. Siku nyingine sijakusamehe. Inabadilika kufuatana na mvua.

Lala, Baba. Nakuaga bila kukudanganya, maana nimechoka kudanganya kuliko nilivyochoka kufuta. Nakuahidi jambo moja. Nimeshapasua mbuni mwingine, umekauka, na kesho naanza kukuchonga. Nitakuchonga ulivyoinamia meza hii, shati lako la kazi, mabega, kisogo kile chenye mvi upande mmoja. Uso sitautia. Watu wakiuliza kwa nini, nitawaambia hivyo ndivyo nilivyokuwa nakuona.

Mwanao,
Anasia