Hakuna Kiti cha Enzi Huku Jette

Mama Mdogo,

Shikamoo. Sitakuuliza hali, maana sauti yako niliisikia wiki mbili zilizopita kwenye kundi la ukoo, nzima na yenye nguvu, ikitutangazia kwamba mtoto wa mdogo wangu Idi ataletwa kwangu Brussels. "Tumeshakubaliana," ulisema. "Nyumba ya dada haiwezi kufungwa mlango." Wajomba na mashangazi wakafuata mmoja baada ya mwingine kuitikia amina, kana kwamba dua ilikuwa imesomwa. Mimi ninayeletewa mtoto sikuulizwa. Salma aliyemzaa hakuulizwa. Saida mwenyewe ana miaka minne, na huo katika ukoo wetu si umri wa kuulizwa. Nami nilikuwa na umri huohuo nilipoletwa huku.

Ulitangaza mbele ya watu, kwa hiyo nakujibu mbele ya watu. Wewe unayajua haya, lakini watakaosoma hawayajui, basi niyaseme wazi: wewe ndiye uliyenizaa. Dada yako mkubwa, aliyekuwa huku akifua mashuka ya hospitali, hakujaliwa mtoto, nanyi mkanitoa niwe wake. Tangu siku ile yeye akawa Mama, nawe ukawa Mama Mdogo. Mwaka huu tumemzika. Arobaini yake ilikuwa haijasomwa mlipoanza kutafuta wa kukaa mahali pangu, ili mimi nikae mahali pake.

Nina hasira. Kazi yangu ya historia imenifundisha kuishuku hasira, hasa ya mtu anayesimulia habari zake mwenyewe, na hii nimeikagua kila asubuhi kwa wiki hizo mbili. Haijapungua.

Asubuhi ya safari ulinikalisha kati ya magoti yako, pale ukumbini Morogoro, ukanisuka twende kilioni. Gari lilikuwa limekwisha kufika. Nililalamika, kwa sababu nilitaka vitunguu kama binti wa jirani, na twende kilioni, hata mimi nilijua, ni msuko wa mtu anayekimbilia msibani. "Tulia," uliniambia. "Hii ni ya haraka tu. Jumapili nitakufumua nikusuke vizuri." Nikatulia. Sikujua siku zinavyopangana, ila nilijua Jumapili haikuwa mbali.

Dada yako alinipokea stesheni ya treni ya Kaskazini, hapa Brussels, akiwa ameshika koti la kijani ambalo lingenitosha baada ya miaka miwili. Nililivaa, likaburuza. Lakini siku ya tatu alipotaka kunifumua, nilimng'ata mkono. Kwa wiki kadhaa nilikaa Jette, mtaa wetu huu, na nywele zilizotimka, zimenasa nyuzi za blanketi, kwa sababu ulisema utafumua wewe. Ikabidi aitwe jirani wa ghorofa ya chini, Maman Béa, Mkongomani wa Lubumbashi, aje kusuluhisha.

"Mutoto ana akili," Maman Béa alisema baada ya kunitazama. "Anachunga kitu ya mama yake."

"Mama yake ni mimi," dada yako akajibu.

"Bon. Donc uambie kichwa yake, sababu kichwa bado haiyasikia."

Nilifumuliwa siku niliyoshikwa na homa, nikiwa sina nguvu za kung'ata.

Nilipofika miaka kumi na miwili tulikuja likizo Morogoro, mimi na dada yako. Njia nzima kutoka Dar nilikuwa najizoeza moyoni. Ulitoka mlangoni ukifuta mikono kwenye kanga, nikainama nikasema, "Shikamoo, Mama." Ulimtazama dada yako kabla ya kunitazama mimi. Kisha ukasema, kwa upole ambao mpaka leo sijaupatia jina, "Mama yako ni yule. Mimi ni Mama Mdogo. Marahaba." Watu wakacheka kidogo, kama wanavyomcheka mtoto aliyekosea. Ukaingia jikoni.

Chuo kikuu nilichagua historia ya Uchina. Watu walioniuliza sababu niliwaambia ni udadisi. Ukweli ni kwamba mwaka wa kwanza mwalimu alibandika ukutani orodha ya makaizari wa nasaba ya Qing, na kutoka jina hadi jina kulikuwa na mshale ulioshuka: baba, mwana, mjukuu. Karibu na mwisho mshale mmoja haukushuka. Ulikwenda pembeni. Wenzangu walihitaji kuelezwa. Mimi nilikuwa nimekwisha kuuelewa kabla mwalimu hajafungua mdomo.

Mshale ule ulitoka kwa Tongzhi, kaizari aliyekufa kijana bila mtoto. Kwa desturi yao mrithi alipaswa kutoka kizazi cha chini yake, awe kama mwana, amfanyie marehemu matambiko anayostahili baba. Lakini mama yake Tongzhi, mjane aliyeshika mamlaka ya ikulu, hakufuata desturi. Alimchukua mtoto wa mdogo wake wa kike, mwenye miaka mitatu, ndiye anayejulikana kwa jina la enzi yake, Guangxu. Katika maandishi akafanywa mwana wa baba yake mkubwa, mume wa mjane yule, aliyekwisha kufa zamani. Waliomzaa walikuwa hai, wamo mjini humohumo, na kwa maandishi hawakuwa wazazi wake tena. Inasimuliwa kwamba mtoto yule aliogopa ngurumo, na kwamba aliyemtuliza alikuwa mwalimu wake.

Inasimuliwa pia kwamba baba yake, alipopewa habari, alipiga kichwa chini akalia mpaka akazimia. Nilisoma sentensi hiyo maktabani, nikafunga kitabu, nikaenda kusimama nje. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na jambo moja tu lilinijia akilini: yule alianguka. Wewe uliniambia Jumapili.

Najua ulinganisho huu ni mkubwa mno kwetu. Mwanafunzi wangu akiuleta, nitamwandikia pembeni kwamba authibitishe. Huenda hata yule baba hakumlilia mtoto. Wapo wanaodhani aliililia nafasi yake mwenyewe, kwa sababu kuwa baba wa kaizari asiye wako ni hatari. Lakini tazama linalofuata, kwa sababu ndilo lililonifanya nishike kalamu. Guangxu naye akafa bila mtoto. Wakafanya nini? Wakachukua mwingine, wa miaka miwili, mtoto wa ndugu yake. Safari hii wakamwandika mrithi wa marehemu wawili kwa pamoja, Tongzhi na Guangxu, mtoto mmoja na makaburi mawili ya kuyatumikia. Baada ya miaka mitatu na kidogo kiti chenyewe hakikuwapo.

Wale angalau walikuwa na kiti cha enzi walichokiogopea kubaki kitupu. Sisi tuna nini, Mama Mdogo? Fleti ya vyumba viwili, ya kupanga. Kabati la vyombo. Koti la kijani ambalo dada yako alikataa kulitupa. Nimezunguka humu nikitafuta kitu kinachohitaji mrithi, nisikione. Ninachokiona ni ukoo uliozoea kwamba mwanamke asiye na mtoto ni pengo, na kwamba pengo huzibwa kwa mtoto wa mwanamke mwingine.

Sitaki nisomwe vibaya. Dada yako alinipenda. Alinisomesha kwa mikono iliyopasuka kwa sabuni, na siku niliyotetea tasnifu yangu alikaa mstari wa mbele na kilemba kipya, haelewi neno, anaitikia kwa kichwa kila nilipopumua. Nilimlilia kama mama, kwa sababu alikuwa mama. Sidai kwamba niliteswa. Kama ningeteswa barua hii ingekuwa rahisi kuandika. Ninachodai ni kwamba upendo wake haukumpa mtu yeyote haki ya kuniambia mlangoni kwako kwamba nimekosea.

Maman Béa, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo na bado anajua habari za jengo zima, nilimweleza tangazo lako. Akapiga makofi. "Alors, utakuwa maman bila kubeba mimba. Chance hiyo."

"Si bahati, maman. Sikuombwa."

"Basi sema non. Non haiombake visa."

Nilicheka, kisha sikusema hapana. Siku nne nilikaa kimya, na niliudharau ukimya wangu. Nilijiambia kwamba Saida atasoma shule nzuri, kwamba mimi nisingekuwa nilivyo bila safari ile, kwamba pengine nakataa kwa choyo. Usiku mmoja hata nilimpimia kwa macho mahali pa kuweka kitanda. Ndivyo jambo hili linavyoendelea kuishi, nadhani: kila anayechukua anazo sababu nzuri.

Ndipo Salma akapiga simu. Unaishi naye nyumba moja, kwa hiyo nilimwomba ruhusa kabla ya kuandika haya. Akasema, "Andika, wifi, mimi nitajifanya sijui kusoma."

Alikuwa amejificha bandani kwa kuku, niliwasikia.

"Wifi, huko ni baridi kweli?"

"Ni baridi."

"Waambie ni baridi sana. Waambie mtoto atakufa."

"Salma, watoto hawafi kwa baridi huku."

"Basi tafuta uongo mwingine, wewe si ndiye uliyesoma?" Kuku wakapiga kelele, akawanyamazisha. Aliporudi sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mimi nikikataa, nitaambiwa namnyima mtoto bahati yake. Idi hawezi kusimama mbele ya mama. Wewe ukikataa, utaambiwa unaringa tu. Ringa, wifi. Nakuomba uringe."

Nilikuwa nimejiandaa kukuchukia vizuri, kwa hoja zilizopangwa, na Salma alikuwa ameniharibia mpangilio. Kwa sababu nilijiuliza swali ambalo katika miaka yote hii sikuwahi kujiuliza: wewe ulikuwa na nani wa kumwomba aringe? Dada yako alikuwa mkubwa, alikuwa Ulaya, na alikuwa na huzuni. Nani angekuwa wifi yako bandani?

Nikarudi kwenye siku ile ya likizo. Uliingia jikoni, ukakaa humo muda mrefu, na mchana ule tulikula wali ulioungua. Bibi alishangaa, akasema hujawahi kuunguza wali tangu uolewe. Dada yako akasema, "Mwacheni, amechoka." Mimi nilikula ukoko, nikiwa na hasira zangu za miaka kumi na miwili, sikulitazama tena jambo hilo. Sasa nalitazama. Kwa kipimo cha historia, ushahidi wenyewe ni mdogo: sufuria moja, na mwanamke aliyechelewa kutoka jikoni. Sina hakika. Pengine uliungua kwa sababu wageni walikuwa wengi. Pengine natamani mno kuona mtu aliyeanguka chini, hata namwona penye moshi.

Lakini sikiliza, usidhani nimepoa. Kama ulianguka, hasira yangu inazidi. Anayejua moto ulivyo hamsukumi mwenziwe ndani. Kila asubuhi unamwona Salma akimfunga Saida vifungo vya sare ya chekechea, nawe unajua, kuliko mtu yeyote katika kundi lile la kuitikia amina, mikono yake itafanya nini siku vifungo hivyo vitakapokuwa havipo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, tunasema. Uliujua, ukautangazia watu kama habari njema. Hilo sijaweza kulisamehe, na sitajifanya nimeliweza ili barua imalizike kwa adabu.

Basi naringa. Saida haji. Sitatia saini karatasi yoyote, sitampokea stesheni, sitamnunulia koti. Asome Morogoro, akikua akataka kuja kwa miguu yake na akili zake, kitanda kitakuwapo. Na nyumba ya dada yako itafungwa mlango siku nitakayoondoka mimi, kama zinavyofungwa nyumba za watu wengi wema. Wote walioitikia amina waseme wapendavyo. Lawama ni zangu; kwenye kundi Salma hakunena neno.

Nitakuja mimi. Chuo kikifunga nitakuja, na safari hii sitajizoeza njiani. Nitasimama mlangoni nikuamkie mbele ya Idi, mbele ya Salma, mbele ya jirani yeyote atakayekuwapo: Shikamoo, Mama. Ukinisahihisha tena, nitageuka palepale, sitangoja wali. Usiponisahihisha, nitakaa chini kwenye sakafu ya ukumbi, mtu mzima mwenye mvi, na nitakupa mgongo, kati ya magoti yako. Sitakuwa nimekusamehe. Nitakuwa nimekaa tu.

Nywele zangu nitazifuga mpaka siku hiyo. Uliniambia Jumapili.

Mwanao