Mtoto Asiyejua Jina Lake

Jumatatu, 6 Januari 1986

Watoto tisa leo. Wanne wako tayari, watano wakanyonye kwanza. Mtihani ni wangu mwenyewe, tangu nianze kazi hapa nasari miaka mitano iliyopita. Mtoto aachie mkono wa mamake. Afungue kifungo na kukifunga. Aende choo cha uani peke yake. Aseme jina lake na la babake. Asiyeweza arudi mwakani. Kina mama wananuna. Na wanune. Mmoja wa leo kanitapikia viatu. Miguu yaniuma.

Jumanne, 7 Januari

Bi Zainabu, mkuu wetu, kanipa orodha ya Alhamisi. Jina la tatu. Nimelisoma mara mbili, nikatafuta kiti.

Ni binti wa Athmani. Athmani aliyekuwa mume wangu miaka sita, akaniacha kwa karatasi ya talaka iliyoletwa na mamake. Hakuthubutu hata kuileta mwenyewe. Kosa langu sikuzaa. Mamake alisimama uani, majirani wote wako, akasema mnazi usiozaa hukatwa. Hata eda yangu haijaisha, Salama keshaingia chumbani mwangu. Mwaka haukupita akazaa.

Na mtoto wamempa jina la bibi yake. Lile lile la yule kizee.

Nimefurahi. Mungu anisamehe, nimefurahi hata nimeimba nikiosha vyombo.

Jumatano, 8 Januari

Miaka sita katika nyumba ile sikulitamka jina lile. Kwetu mke halitamki jina la mavyaa wake, mamake mume, hata akiwa amwita mtu mwingine. Jirani yetu alikuwa na jina hilo hilo. Nilimwita Mama Saidi mpaka siku niliyofungasha virago.

Kesho nitalitamka. Nitaliita kwa sauti kuu, mlango wazi, kama mtu aitaye mbuzi wake aliyepotea. Popote aliko alisikie, kutoka kinywani mwangu. Halafu nitamwambia mjukuu wake hafai. Nimeipiga pasi kanga yangu nzuri.

Alhamisi, 9 Januari

Kizee alimleta mwenyewe. Kanenepa. Nikampa shikamoo yake, maana watu walikuwapo. Akaitika marahaba akitazama ukuta.

Mtoto alimwachia mkono bila kugeuka nyuma. Gauni lina vifungo vitano mbele. Akavifungua vyote, akavifunga vyote. Choo akaenda, akarudi kaosha miguu. Sikuambiwa kwamba atakuwa mzuri hivi.

Nikafika kwenye jina. Nilikusudia kuliita. Mwisho nikaona afadhali nimuulize.

"Jina lako nani?"

"Mavyaa."

Wanawake mlangoni wakaangua kicheko. Nikamuuliza nyumbani wamwitaje. Akanieleza vizuri, kwa vidole: mama amwita Mavyaa, baba amwita Mama, bibi amwita Somo.

Nilielewa palepale. Salama hawezi kulitamka jina la mavyaa wake, kwa hivyo amwita mtoto hivyo hivyo, Mavyaa. Bibi ni somo yake, jina lao moja. Kwa Athmani jina hilo ni la mamake, ndipo amwita Mama. Mtoto hajapata kuitwa jina lake hata siku moja. Nani angemwita?

Nilielewa, nikaandika: Hajui jina lake. Hajawa tayari. Arudi mwakani.

Mwakani atakuwa anakaribia miaka saba, na wenzake wako shule ya msingi. Asiyepitia nasari wanamrudisha mlangoni. Nalijua hilo. Nimeandika hivyo hivyo. Nikamsomea yule kizee, neno kwa neno, taratibu. Midomo ikamcheza. Tamu kuliko halua.

Jumamosi, 11 Januari

Asubuhi kwa muuza mbaazi hapa mtaani kwetu Barani. Wanawake wanalo moja tu: mjukuu wa nyumba ile ni mzito, jina lake halijui. Mmoja akasema labda ni damu ya kina Athmani. Mwingine akasema ndio malipo ya mdomo wa bibi yake. Wakanitazama, mimi ndiye mwalimu.

Ningeweza kuwaambia. Maneno mawili tu. Nikaongeza mahamri mawili, nikala yote.

Jumanne, 14 Januari

Wanamnywesha kombe. Maalim kaandika aya kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji ya waridi, mtoto anakunywa kila asubuhi kabla ya kula kitu. Ati azinduke akili. Bibi yake pia anamfunza jina siku nzima. Amwambia, wewe ni fulani. Mtoto amjibu, la, huyo ni wewe.

Nilicheka niliposikia. Kisha nikaacha. Mtoto kasema kweli, na kwa kweli hiyo ananyweshwa dawa.

Wamejitakia. Si yeye. Wao ndio waliojitakia.

Alhamisi, 16 Januari

Salama kaja nyumbani kwangu. Peke yake, baada ya alasiri. Miaka yote hii hatujapeana hata salamu. Nilimwacha asimame mlangoni muda mrefu, makusudi. Alisimama. Mkononi ana bakuli la viazi vya karai, sikulipokea.

"Bi Rukia, mimi sikuja kwa maneno ya zamani. Mtoto si mzito. Wewe wamjua kwamba si mzito."

Nikaushika mlango kama wa kuufunga.

"Hataki kulishika jina kwa bibi yake. Amwona bibi ndiye mwenyewe. Yataka alisikie kwa mtu mwingine. Babake yu safarini, na mimi siwezi, ulimi wangu haulitoi. Lakini wewe ushatoka nyumba ile. Hapana haya tena baina yenu. Wewe waweza. Mwite wewe."

Nikasema, hilo tu? Rahisi. Nikafungua kinywa nimwonyeshe.

Halikutoka.

Nikajaribu tena. Joto likanipanda mpaka masikioni. Salama ananitazama mdomo, na polepole akaelewa. Hakucheka. Ningempenda zaidi lau angecheka. Aliliweka bakuli kizingitini, akasema, "Basi hata wewe, dada," akaenda zake.

Ijumaa, 17 Januari

Sikulala vizuri. Alfajiri nimefunga mlango nikalijaribu peke yangu, mbele ya kioo. Herufi ya kwanza tu. Nimeirudia shajara hii ukurasa kwa ukurasa: hata hapa, mahali pasomwapo na mimi tu, sijaliandika. Jina lile, jina lile. Na siku ya mtihani sikumuuliza mtoto kwa kuwa niliona afadhali. Nilimuuliza kwa kuwa niliogopa. Nikamwangusha mtoto kwa kosa ambalo ni langu pia.

Yule kizee kanitoa nyumbani kwake miaka sita iliyopita, na bado kanikalia ulimini. Namchukia. Leo namchukia kuliko siku ya talaka.

Bi Zainabu alikuwa atie sahihi orodha saa nne. Saa tatu u nusu nimekata mstari wangu mwenyewe kwa wino mwekundu. Nimeandika: Yu tayari. Akaniuliza kulikoni. Nikasema mwalimu alikosea. Viazi vya Salama nimevila. Vina ndimu ya kutosha.

Jumatatu, 20 Januari

Siku ya kwanza. Makamasi, machozi, mmoja kang'ang'ania mlango. Kizee kamleta mjukuu, akakaa kwenye benchi la nje pamoja na kina mama. Mlango wazi, kama nilivyotaka wiki ile.

Nikasimama na daftari la majina. Watatu wakaitika. La nne nikaliwekea kidole. Nikavuta pumzi, nikaita: Mwanajuma Athmani.

Sauti ilitoka nyembamba. Lakini ilitoka. Nje, yule kizee akainuka kwenye benchi kabla hajajijua. Mtoto akageuka kumtazama, kama kumwambia waitwa. Wanawake wote wakamgeukia. Kasimama hapo mbele yao, ameitwa na mimi, ameitika. Ndiyo saa niliyoiomba miaka sita. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, niliyapanga zamani.

Alinitazama mimi kwanza. Kisha akamtazama mtoto, akaketi tena, taratibu kwa ajili ya magoti.

"Si mimi, Somo. Ni wewe. Hilo lako sasa. Mwitikie mwalimu."

"Labeka," mtoto akasema.

Maneno yangu sikuyasema. Sijamsamehe. Nikamtilia mtoto alama, nikaita jina la tano.