Jina la Kaka

Jumatatu, 1 Juni 1936. Geita.
Asubuhi maneno ya mifugo, mchana maneno ya ndege. Mzee wa Kizinza anataja, mimi natafsiri, Bwana, Mzungu wangu, anaandika kamusi. Kisha Bwana anamrudisha mzee kwenye neno lilelile mpaka anakasirika. Kazi ya kipuuzi, lakini inanilisha. Nimepewa ruhusa ya harusi ya Mwanaidi, mtoto wa marehemu kaka. Mimi ndiye walii wake, wa kumwozesha, na ndevu zenyewe hazijatimia!

Jumatano, 3 Juni.
Bwana leo alikuwa na mazungumzo. Anasema zamani sana Wazungu na Wahindi walikuwa na lugha moja, haikuandikwa. Wasomi wao wanalinganisha maneno ya siku hizi na kukisia lile la kwanza. Wanalo neno la dubu, mnyama wa nchi za baridi. Kwa Wahindi limebaki. Kwa mababu zake yeye lilipotea. Walimwogopa dubu hata wakaacha kumtaja, wakamwita Yule wa Rangi ya Udongo. Watoto wakakua na hilo tu. Wazee walipokufa, jina likafa.

Nilicheka. Kisha kicheko kikanikatika.

Kaka alifukiwa na shimo la dhahabu kule Iramba, hakutolewa. Mama akapiga marufuku jina lake: asiyezikwa akiitwa, huitika. Nilikuwa mdogo, nikimwita Kaka. Tangu siku ile akawa Yule.

Jina lake silijui. Miaka yote hii sijawahi hata kujiuliza.

Alhamisi, 4 Juni.
Walii humtaja binti kwa jina la baba yake. Nitasema nini mbele ya watu, binti Yule? Mke wa kaka alifariki kwa uzazi. Baba naye ni marehemu. Majirani wa Iramba tuliwaacha tulipohamia Shinyanga. Amebaki mama, na mama kifua kinambana.

Jumanne, 9 Juni. Shinyanga.
Nimemuuliza mama. Amegeukia ukutani.

Mwanaidi anadhani mimi nalijua jina la baba yake. Ananiandalia maji ya kuoga kama bwana mkubwa. Naona haya.

Jumatano, 10 Juni.
Nimemuuliza tena, kwa ukali, Mungu anisamehe. Akasema, "Nikimwita akaja, utamweka wapi?"

Naogopa. Na hasira ninazo.

Ijumaa, 12 Juni.
Nilimshika mkono bwana harusi. Nikaanza, "Nakuozesha Mwanaidi binti..." Nikakwama. Sheikh akanitazama. Watu wakainua nyuso.

Nyuma ya pazia, sauti ya mama: "Binti Mabruki."

Kikohozi kikamshika. Kilipomwachia akasema tena, kwa nguvu, "Mabruki mwanangu."

Nikarudia, nikamaliza. Mwanaidi analia ndani, wanawake wanadhani ni kwa ajili ya mume. Mabruki. Nina kaka anaitwa Mabruki.

Jumanne, 16 Juni. Geita.
Nimerudi kazini. Maneno ya vyungu.

Nilipoondoka mama alikuwa anaanika michembe, vipande vya viazi vya kukausha. Akasema Mabruki hakuipenda, viazi alitaka vya moto. Akaendelea kuanika.

Leo nilimwomba Bwana anitamkie lile neno la dubu. Akalitamka, akasita, akalitamka namna nyingine. Akasema hana hakika, waliokuwa wakilisema hawapo.

Nilimwonea huruma. Yeye hana mama wa kumuuliza.