Majani Mawili ya Isale

Machame, 9 Novemba 1994

Kaka Anaeli, shikamoo.

Kahawa imechanua, na ng'ombe wa mama amezaa jike.

Mwezi wa nane baba aliniuliza hiyo topolojia unayofundisha Ujerumani ni kitu gani. Nikamwambia unachunguza mafundo. Hakufoka kama siku ile alipochoma madaftari yako. Alichuma jani la isale mpakani mwa kihamba chetu cha migomba, akalipiga fundo.

"Mpelekee. Fundo hili atalielewa."

Isale la kuomba msamaha halikataliwi, unajua. Ndiyo maana sikulituma. Ulituachia wazee miaka kumi na moja. Sikutaka usamehe upesi hivyo. Nililificha ndani ya Biblia. Kila Jumapili baba aliuliza kama umejibu.

Jumamosi tulimzika.

Humu kuna majani mawili. Lile bichi ni langu.

Mdogo wako,
Ndeanasia