Lango la Ranchi ya Juu

Kaka Belarmino,

Sisi huku Mora hatujambo. Pilipili zimekauka vizuri, na mbwa wako mzee bado anaubwekea upepo.

Habari kubwa ni kwamba serikali ya jimbo imetoa fedha na kuinunua ranchi yote ya juu. Sasa ni mali ya umma. Jumamosi lango lilifunguliwa, nasi tukapanda na magunia yetu kuokota njugu za msonobari.

Lakini unatujua. Miaka arobaini tumekuwa tukiingia kwa kuiba, chini ya waya wa uzio. Basi wazee wote tuliliacha lango, tukaenda moja kwa moja hadi kwenye tundu letu na kuanza kutambaa. Afisa wa serikali akaja mbio.

"Mama, si lango liko wazi?"

"Nimeliona," nikamjibu, sketi imenasa kwenye waya. "Magoti ndiyo hayajapata habari."

Tulicheka hadi machozi. Kisha nikarudi, nikapita langoni wima kama bibi harusi.

Gunia langu nililijazia pale ulipomkamata baba akiokota njugu, ulipokuwa mlinzi wa ranchi. Hakukulaani, Belarmino. Alisema tu, "Mwanangu alikuwa kazini." Wewe ndiye uliyehama, hata kumzika hukuja.

Sasa hakuna tena cha kulinda. Nusu ya gunia ni yako, na siitumi kwa posta. Njoo uichukue. Pita langoni, usitambae.

Ni mimi dada yako,
Eufemia