Kamba Aliyeacha Nguo Zake

Shoga, leo bibi kamuumbua babu Shabani mbele ya wakwe zangu kwa kisa hiki.

Mwaka hamsini babu alimpikia Mzungu wa mradi wa karanga, Nachingwea. Mzungu akaenda Lindi, akamwachia tangi la kioo lenye kamba wa mtoni. "Kamba wangu ana mayai. Akifa, huna kazi."

Asubuhi moja babu akachungulia. Kamba kalala chini, mweupe, hatikisiki.

Alikimbia, shoga. Kwa miguu mpaka kwao Ruangwa, aproni kiunoni.

Mama yake, mzoefu wa kuvua mtoni, akamuuliza, "Ulimshika?"

"Nilimgusa, mama. Kabaki ganda tupu."

"Kamba hujivua ganda. Umezikimbia nguo zake, mwanangu."

Akarudi mbio. Mama kamba yuko majanini, vitoto vimejaa tangini.

Mzungu akafika, akafurahi. "Umewalinda vizuri."

"Sikubanduka hapa, bwana."